Dakika Mbili Nje ya Mstari

Katika mpira wa mikono, mwamuzi hana haja ya maneno mengi anapomtoa mchezaji. Anapuliza filimbi, anamgeukia aliyekosa, kisha anainua mkono juu akinyoosha vidole viwili. Mchezaji anatoka, anakwenda kuketi kwenye benchi la timu yake, na kwa dakika mbili wenzake sita wanafanya kazi ya watu saba. Pale ambapo hakuna ubao wa umeme wa kuonyesha muda, na viwanja vingi vya shule zetu havina, mtunza muda huandika kwenye kadi namba ya jezi na dakika ya kurudi, kisha huisimamisha mezani mbele ya watu wote. Kuanzia hapo aliyetolewa hana la kufanya ila kuikodolea macho kadi ile.

Wenye mazoea ya kwenda uwanjani kwa ajili ya soka peke yake hawaijui adhabu hii. Wanaijua kadi ya njano, ambayo mara nyingi haimuumizi mchezaji siku ile ile, na wanaijua nyekundu, ambayo inamaliza kila kitu. Katikati ya hizo mbili soka la kwetu halina kitu, na hapo ndipo matatizo mengi ya viwanja vyetu yanapozaliwa.

Tabora ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Mwaka 2022 mji huu ulipokea fainali za taifa za UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari ambayo huwakusanya watoto kutoka mikoa yote ya Tanzania Bara. Soka lilichezwa, netiboli, wavu, kikapu, riadha, na mpira wa mikono pia. Ni mashindano ambayo kwa siku chache huweka michezo yenye sheria tofauti jirani kabisa, kiasi kwamba mwalimu mmoja anaweza kuona asubuhi mtoto akitolewa kwa dakika mbili na kurudi, na alasiri akaona mwingine wa umri ule ule akitolewa moja kwa moja na kupelekwa kukaa mbali na wenzake.

Sheria za mpira wa mikono zimeandikwa na watu waliomfahamu vizuri mchezaji aliyekasirika. Zinajua kwamba akionyeshwa vidole viwili atataka kubisha, kwa hiyo zimesema mapema: akifanya utovu wa nidhamu kabla mchezo haujaanza tena, anaongezewa dakika mbili nyingine. Zinajua pia kwamba atakosa subira. Akiingia kabla muda wake haujaisha, anaadhibiwa upya, na timu inalazimika kumtoa mchezaji mwingine kwa muda uliokuwa umebaki. Yaani papara ya mmoja inamtoa uwanjani rafiki yake ambaye hakufanya kosa lolote. Akifikisha adhabu ya tatu ya dakika mbili, anapewa kadi nyekundu na safari yake kwa siku hiyo imekwisha; hata hivyo timu yake, baada ya dakika mbili, inaruhusiwa kumwingiza mtu mwingine na kurudi saba. Kosa linalipwa na mwenye kosa kwa muda mrefu, na linalipwa na wenzake kwa muda mfupi. Hesabu hiyo ina haki ndani yake.

Dakika mbili zinaonekana ndogo. Katika mchezo huu si ndogo hata kidogo, kwa kuwa uwanja ni mita 40 kwa 20 na mabao huingia kila mara. Makocha wengi humtoa kipa timu iliyopungua inaposhambulia ili wapate mchezaji wa sita wa mbele, nafasi ambayo sheria iliirahisisha mwaka 2016. Mpira ukipotea, goli liko wazi, na mpinzani anaweza kurusha kutoka nusu yake mwenyewe ukaingia bila kuguswa na mtu. Aliyetolewa anayaona yote hayo akiwa ameketi, taulo shingoni, hatua chache kutoka mstarini.

Ndugu mkubwa wa adhabu hii yuko mbali sana na joto la Tabora. Ni kizimba cha adhabu cha magongo ya barafuni, mchezo unaopendwa Kanada, Urusi na nchi za kaskazini mwa Ulaya, ambako watu sita kila upande, kipa akiwemo, hukimbizana kwa viatu vya chuma wakigombea kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kosa dogo ni dakika mbili, kubwa ni tano, na utovu wa nidhamu ni kumi. Tofauti na mpira wa mikono, aliyetolewa haketi na wenzake. Katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, kizimba kiko upande wa pili wa uwanja, mkabala na mabenchi. Mchezaji anafungiwa mlango na kuketi peke yake, kocha yuko ng'ambo, na nyuma ya kioo wamejaa mashabiki wanaomzomea.

Watu wanafanya nini wakiwa humo? Historia ya mchezo huo imejaa majibu, na si yote ya kupendeza. Zamani timu zote mbili ziliadhibiwa katika kizimba kimoja. Usiku wa Oktoba 30, 1963, mjini Toronto, Terry Harper wa Montreal na Bob Pulford wa Toronto walipigana uwanjani, wakatolewa wote wawili, wakakutanishwa humo, na ngumi zikaanza upya. Ndipo uwanja huo ukawa wa kwanza katika ligi kutenganisha vizimba. Machi 2001, mjini Philadelphia, Tie Domi wa Toronto alikuwa akitupiwa vitu na mashabiki. Akachukua chupa yake ya maji akawamwagia kupitia juu ya kioo. Shabiki mmoja akajitupa kwa mbele kumfuata, kioo kikaachia, naye akatua ndani ya kizimba alimo Domi. Walishikana hadi waamuzi walipowatenganisha.

Kuna na wale waliokifanya kizimba kuwa makazi. Dave Williams, aliyeitwa "Tiger", alimaliza maisha yake ya uchezaji katika NHL akiwa na karibu dakika 4,000 za adhabu, ambazo ni zaidi ya saa 65. Dave Schultz alikusanya dakika 472 katika msimu mmoja wa 1974/75. Kwa watu hawa adhabu haikuwa aibu. Klabu iliwalipa wapigane ili nyota wa timu wasiguswe, na mashabiki wa nyumbani waliwashangilia wakiingia kizimbani na wakitoka. Inafaa tulikumbuke hilo, maana adhabu yoyote inayopigiwa makofi na wenzako imekwisha kupoteza nguvu.

Lakini kisa chenye uzito kuliko vyote ni cha Maurice Richard, mshambuliaji wa Montreal, kipenzi cha Wakanada wanaozungumza Kifaransa. Machi 13, 1955, mjini Boston, alimpiga ngumi mwamuzi msaidizi katikati ya ugomvi. Rais wa ligi, Clarence Campbell, akamfungia mechi zote zilizobaki za msimu pamoja na za mtoano. Siku nne baadaye Campbell alipokwenda kuketi jukwaani Montreal, watu wakamrushia mayai na nyanya, bomu la machozi likalipuka ndani ya ukumbi, mechi ikavunjwa, na umati ukamiminika mitaani ukivunja vioo vya maduka. Kesho yake Richard mwenyewe akaenda redioni, akawasihi watu watulie, akasema anaikubali adhabu yake na atarudi mwaka utakaofuata. Akarudi kweli. Kuanzia 1956 hadi 1960 Montreal ilitwaa Kombe la Stanley mara tano mfululizo, naye yumo. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuichochea hasira ya umati aliamua kuizima, na alifanya hivyo kwa kukiri kwamba adhabu ni yake na ina mwisho.

Montreal hiyo hiyo ndiyo iliyoifanya sheria ibadilike. Hapo awali aliyetolewa kwa dakika mbili alizitumikia zote, hata timu yake ifungwe mabao mangapi. Novemba 1955 Jean Béliveau aliifunga Boston mabao matatu ndani ya sekunde 44 wakati wapinzani wamepungua. Kuanzia 1956 ikaamuliwa kwamba katika kosa dogo, bao likiingia, aliyetolewa anarudi. Mpira wa mikono haukufuata njia hiyo. Huko dakika mbili ni mbili.

Afrika Mashariki nayo ina watu wake wa barafuni. Tangu 2005 kuna uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, na hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions ya Kenya. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wakavaa jezi kamili na kucheza huku nyota wawili wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakiwa upande wao. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Wakenya wameijua adhabu ya muda pia kupitia raga ya wachezaji saba, ambamo kadi ya njano humweka mtu nje dakika mbili katika mechi ya dakika kumi na nne tu. Timu yao iliyoifunga Fiji 30 kwa 7 na kutwaa taji la Singapore mwaka 2016 ilitoka katika mchezo ambao kila mmoja anajua kwamba njano moja inaweza kugharimu fainali.

Hata netiboli, ambayo hakuna shule ya Tabora isiyoijua, ina namna yake ya kumtuliza mchezaji. Msichana aliyemgonga mwenzake anasimama kando ya yule anayetoa pasi ya adhabu, haruhusiwi kujongea wala kuinua mkono hadi mpira uondoke. Ni sekunde chache tu, na hutokea mara kadhaa katika mechi moja bila mtu kulia wala kutukana. Akikosa kupindukia, sheria za sasa zinamruhusu mwamuzi kumtoa kwa dakika mbili.

Sasa lije soka.

Januari 17, 2024, mjini San-Pédro, Ivory Coast, timu ya taifa ya Tanzania, Taifa Stars, ilikuwa nyuma kwa bao moja mbele ya Morocco katika mechi yake ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Dakika ya 70 Novatus Miroshi akapata njano ya pili. Ndani ya dakika kumi tu Morocco wakaongeza mabao mawili, mchezo ukaisha 3-0. Siku nne baadaye gurudumu likageuka. Simon Msuva aliifungia Tanzania mapema dhidi ya Zambia, na kabla ya mapumziko Roderick Kabwe wa Zambia akatolewa kwa nyekundu. Watanzania walihesabu ushindi. Wazambia kumi wakakaza, wakavumilia kipindi kizima, na dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Timu mbili zilipewa mzigo ule ule. Moja ilikuwa na dakika ishirini na ikavunjika, nyingine ilikuwa na zaidi ya arobaini na tano ikapata pointi. Anayedhani kadi nyekundu inaamua mechi yenyewe atazame tena mechi hizo mbili.

Katikati ya michezo hiyo kulikuwa na adhabu nyingine. Kocha wa Stars, Adel Amrouche, alikuwa ametoa kauli kuhusu ushawishi wa Morocco katika soka la Afrika, na shirikisho la soka la Afrika, CAF, likamfungia mechi nane. Shirikisho la soka la Tanzania, TFF, likamsimamisha, timu ikakabidhiwa kwa Hemed Suleiman, ambaye mashabiki wanamwita "Morocco", akisaidiwa na Juma Mgunda. Mechi nane kwa maneno ni adhabu ambayo mwenyewe hawezi kuitumikia na kurudi mashindanoni, kwa hiyo uongozi wa benchi ukabadilika kabla ya mechi ya Zambia.

Kadi zenyewe zilitokana na mtu aliyekataa kutoka. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia la 1966, pale Wembley, nahodha wa Argentina Antonio Rattín aliambiwa na refa atoke, akagoma kwa dakika kadhaa. Mkuu wa waamuzi wa mashindano yale, Mwingereza Ken Aston, alilazimika kuingia uwanjani kumbembeleza. Aston baadaye aliziona taa za barabarani akapata wazo la njano na nyekundu, na Kombe la Dunia la 1970 likawa la kwanza kuzitumia. Kadi ziliondoa utata wa lugha kati ya refa na mchezaji. Hazikumpa mchezaji mahali pa kutulia.

Tabora yenyewe ina kumbukumbu chungu ya kucheza pungufu. Agosti 2023 Kitayosce, timu iliyopanda daraja na kuhamishia makazi yake katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, ilifungua Ligi Kuu dhidi ya Azam pale Chamazi ikiwa na wachezaji wanane tu, kwa kuwa wengi wa waliosajiliwa hawakuwa na kibali cha kucheza. Hawakuwa wamefanya rafu wala kumtukana mtu. Walikuwa wanatumikia makosa ya ofisini. Azam walikwishafunga manne, matatu yakiwa ya Feisal Salum, pale wengine waliposhindwa kuendelea na idadi ikashuka chini ya saba. Sheria inasema timu ikipungua hapo mchezo hauendelei, na haukuendelea. Klabu ikabadili jina kuwa Tabora United, ikanusurika kushuka kwa kupitia mechi za mtoano, na Novemba 7, 2024, katika uwanja ule ule wa Chamazi, Nyuki wa Tabora wakaichapa Yanga 3-1. Vijana wanane wa siku ile ya Agosti wanastahili heshima zaidi ya ile waliyopewa. Walitoka, wakapanga safu, wakacheza.

Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, ambayo Tabora ilikuwa kituo chake kikuu, inalijua somo la adhabu kwa muda mrefu. Msafiri Henry Morton Stanley, aliyekaa Kwihara nje kidogo ya mji mwaka 1871 na kurudi na mmisionari Livingstone mwaka uliofuata, aliandika waziwazi jinsi alivyowachapa mijeledi na kuwafunga minyororo wapagazi waliotoroka. Wapagazi nao waliendelea kutoroka, huyu usiku, yule alfajiri, pengine na mzigo pia. Watu hao hao wa barabara, Wanyamwezi na wenyeji wa pwani, walikuza utani ambao ndani yake mtani anaweza kukutoza faini, kukunyang'anya kitu, kukusema mbele za watu, na desturi inakukataza kununa. Unalipa, mnacheka, safari inaendelea. Adhabu mbili zilitembea katika njia moja: moja iliwakimbiza watu, nyingine ikawabakiza pamoja.

Mchezaji wa soka wa miaka kumi na sita anayemfokea refa katika uwanja wa shule leo anakutana na adhabu ya aina ya kwanza au hakutani na yoyote. Refa mwenye huruma anameza matusi kwa sababu nyekundu ni kubwa mno kwa mtoto. Refa mkali anaitoa, mtoto anaondoka akilia na kuvua jezi, mwalimu wake anaingia uwanjani, wazazi wanafuata. Njano haimtulizi, kwa kuwa dakika moja baada ya kuipata bado yuko pale pale na hasira zake, karibu na mtu aliyemkasirisha.

Dawa ipo na imeandikwa. Tangu 2017 bodi inayotunga sheria za soka, IFAB, imeruhusu vyama vya nchi kutumia kutolewa kwa muda katika soka la vijana, la wakongwe, la wenye ulemavu na la ngazi za chini. Uingereza walijaribu katika ligi ndogo 31, kwa kosa moja tu la kumbishia refa, na ubishi ukapungua kwa asilimia 38. Msimu wa 2019/20 wakaieneza ngazi zote za chini. Lilipokuja pendekezo la kuipandisha hadi soka la juu, pamoja na kadi ya bluu iliyozungumzwa sana mapema 2024, wakubwa walikataa, na hilo lisiwazuie walio chini.

Kwetu uamuzi huo uko mikononi mwa TFF, wala hauhitaji fedha za ujenzi. Refa anaonyesha njano, kisha ananyoosha mikono yote miwili kuelekea eneo la kungojea. Muda wa kukaa nje ni asilimia kumi hadi kumi na tano ya mchezo mzima, kwa hiyo katika mechi ya vijana ya dakika 80 ni kati ya dakika nane na kumi na mbili. Chama kinachagua kama adhabu hiyo iguse kila njano au makosa fulani tu, na busara ingekuwa kuanza na kumbishia refa kama walivyofanya Waingereza. Linalobaki ni mtu wa kushika saa, na katika mashindano ya shule watu hao wapo tayari kwenye meza ya mpira wa mikono, wanajua kuandika namba ya jezi na dakika ya kurudi.